Kompyuta yetu ilikuwa inasubiri nini?

Kwa miaka miwili jioni yangu ilianza hivi. Narudi kutoka shule, nabonyeza kitufe cha kompyuta, naenda bandani kumwekea ng'ombe majani. Nikirudi nimeshanawa, mabuti nimeyaacha mlangoni, mashine bado inazungusha vidoti vyake. Siku moja nikaipima kwa saa ya simu: dakika 6 na sekunde 40 tangu kubonyeza kitufe hadi kuandika neno la kwanza la mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili.

Tupo Moshi, upande wa Rau. Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba inayoweza kulala chini ya skrini, tuliyoinunua mtumba mwaka 2017 kwenye duka moja mjini. Iliwahi kuwa mali ya ofisi fulani Ulaya. Stika yao yenye namba ya mali bado ipo ubavuni na sijawahi kuibandua. Ndani ina prosesa ya Intel i5-3470 ya mwaka 2012, ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ya gigabaiti 4 na diski kuu ya gigabaiti 500. Kazi zake si za kishujaa: mitihani, ripoti za wanafunzi, daftari la hisa la VICOBA yetu ambayo mimi ni katibu wake, orodha za michango ya harusi, picha za familia. Na tangu baba watoto aache kuendesha malori kwa ajili ya mgongo, gemu. Hilo la gemu nitalifikia.

Desemba tulipogawana fedha za VICOBA, nikatenga 400,000 za mgao wangu: ama ziifufue hiyo mashine ama niachane nayo. Nikatafuta ushauri, na ushauri haukukosekana. Baba watoto akasema chuma chakavu kipimwe kwa kilo. Muuzaji mmoja mjini akanipa kiti na kunionyesha laptopu mtumba ya 550,000 ambayo, nilipoiuliza vizuri, prosesa yake ilikuwa na viini viwili wakati yangu ina vinne. Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo na kukaa kwetu, akasema, "Mama mdogo, prosesa ya kizazi cha tatu imeshakufa hiyo. Ila ukiweka kadi ya michoro itajikongoja." Na fundi wangu wa siku zote, mwenye meza yake karibu na stendi, alisema alichokuwa akisema kila mara: "Window imezeeka, madamu. Niachie niipige upya."

Alikuwa ameshaipiga upya mara 3, kila mara 15,000. Na sitamsema vibaya, kwa sababu kila mara ilifanya kazi. Kwa wiki moja mashine inakuwa nyepesi kama mtoto aliyetoka kuoga, ya pili inaanza kusinzia, ya tatu tunarudi kwenye majani ya ng'ombe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wiki moja. Kama Windows ndiyo iliyozeeka, inazeekaje kwa siku 20?

Kabla sijaendelea, kuna kisa cha miezi michache nyuma ambacho ndicho kilichoniamsha. Kompyuta ilianza kukataa kufungua tovuti. Barua pepe haifunguki, tovuti ya matokeo haifunguki, kila mahali onyo kwamba muunganisho si salama. Nikalaumu mtandao. Nikanunua bando kubwa zaidi. Nikabadilisha laini, nikanunua bando la laini nyingine. Wiki mbili zikapita hivyo, mpaka siku moja nikiwa naandika tarehe kwenye barua ya mzazi nikatupa jicho pembeni ya skrini: mashine ilikuwa inaamini tuko mwaka 2012. Na kila ikiwaka ilikuwa inaniandikia kwamba saa haijawekwa, nibonyeze F1, nami nilikuwa nabonyeza F1 bila kusoma, kama mtu anayeitikia "amina" kabla sala haijaisha.

Kwenye madabodi, ubao mkuu wa ndani, kuna betri bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati umeme wa ukutani haupo. Baba watoto huchomoa kila kitu ukutani usiku akiogopa radi. Betri ilikuwa imekufa, basi kila asubuhi mashine inaamka haijui siku. Na tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani ni 2012 inaona cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Betri niliipata kwenye duka la saa kwa 2,000. Fedha nilizomwaga kwenye bando sitaziandika hapa, baba watoto naye anasoma.

Kwa hiyo Desemba nilipokuwa na laki 4 mkononi na washauri wanne, nilikuwa nimeshaanza kuwa mgumu. Nikasema kabla sijanunua chochote, nataka kuona mashine inafanya nini ndani ya zile dakika 6.

Kwenye Windows ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja linafunguka dirisha la Task Manager, na ukienda kwenye sehemu ya utendaji unaona asilimia: prosesa, RAM, diski, mtandao. Nililifungua mara tu mashine ilipowaka, nikavuta kiti, nikalitazama kama ninavyosimamia chumba cha mtihani. Prosesa, ile iliyosemwa imekufa: asilimia 9, 14, 11. Diski: 100. RAM: 88. Nikafungua Word. Prosesa 16, diski 100. Nikafungua kivinjari. RAM ikapanda hadi 96, diski 100, na mashine yote ikaganda, huku prosesa ikiwa bado haijafika hata 30.

Hii ndiyo picha ninayopenda kuwapa walimu wenzangu. Chukua mwalimu mwenye kasi, amesimama ubaoni na chaki, lakini kila ramani anayotaka kuifundishia iko stoo, na stoo ina mtunzaji mmoja anayeleta ramani moja, anarudi, anatafuta nyingine. Darasa likilala, utamfukuza mwalimu? Diski kuu ya zamani ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na kijikono chenye kichwa cha kusomea kinachohama huku na huku. Faili moja kubwa, mathalani sinema, inalisoma vizuri tu kwa sababu lipo limepangana. Lakini Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa. Inaokota maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kichwa kihame, kisha kisubiri sahani izunguke hadi mahali penyewe. Ukipiga hesabu, haifikishi hata safari 100 kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala kijikono. Ni chipu tupu, na safari za namna hiyo inafanya makumi ya maelfu kwa sekunde.

Hapo na fumbo la wiki moja likafumbuka. Windows ikipigwa upya, vipande ni vichache na vimekaa jirani. Ukianza kuongeza programu, masasisho yakaingia, antivairasi ikaanza kuchungulia kila faili, vipande vinaongezeka na kutawanyika, na mtunzaji wa stoo ni yuleyule.

RAM nayo ilikuwa na hatia yake. Ikijaa, Windows inachukua vitu visivyotumika sasa hivi na kuviweka kwenye diski, kisha inavirudisha vikihitajika. Ukiwa na gigabaiti 4 tu na kivinjari chenye kurasa sita, diski iliyokwisha kuchoka inabebeshwa na mzigo wa RAM. Dalili moja, magonjwa mawili. Na kadi ya michoro haikuwa dawa ya lolote kati ya hayo.

Nilimwonyesha mtoto wa dada. Akatazama kidogo, akasema, "Lakini mama mdogo, i5 ya mwaka 2012..." Nikamfungulia kitu nilichokuwa nimekisoma jana yake: gemu ya GTA V ilipotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wenyewe, si ile ya chini kabisa bali iliyopendekezwa, ilikuwa i5-3470. Ileile, namba kwa namba. Akanyamaza. Kijana wa miaka 21 akinyamaza mbele ya mama mdogo wake, hiyo ni siku ya kuandika.

Basi nikaenda mjini na karatasi. RAM kwanza, na hapa nilipigwa kidogo. Karibu na Double Road nikapata vipande viwili vya gigabaiti 8 kwa 40,000 vyote, bei ambayo ingetakiwa kunitia wasiwasi lakini ilinitia furaha. Nyumbani mashine ikakataa kuwaka. Taa ya kitufe ikapepesa rangi ya chungwa, skrini giza. Nilipoomba msaada kwa fundi wa stendi akachukua kipande, akakigeuza, akanionyesha maandishi ya stika: PC3-10600R. "Hiyo R, madamu, ni ya seva." Nikajifunza herufi tatu ambazo ningependa ziandikwe kwenye milango ya maduka: U ya kompyuta za mezani, S ya laptopu, R ya seva. Yangu inataka PC3-12800U. Muuzaji hakubishana, alinibadilishia kwa kuongeza 10,000, vipande viwili vya gigabaiti 4 vyenye herufi U. Kabla ya kuvichomeka fundi alisugua meno ya dhahabu ya vipande hivyo kwa ufutio wa penseli, ufutio uleule wa wanafunzi wangu, kuondoa ukungu. Hakunitoza. Pamoja na vile vya zamani vya gigabaiti 2 viwili, vikawa 12, kila jozi kwenye nafasi za rangi moja.

SSD nilinunua ya gigabaiti 240 kwa 75,000. Pembeni yake dukani palikuwa na kikasha kinachojiita SSD ya terabaiti 2 kwa 45,000. Hivyo vitu ni mtego: chipu ya ndani ni ndogo, imedanganywa ijitangaze kubwa, na ukishajaza ule ujazo wake wa kweli, inaanza kuandika juu ya vitu vyako vya mwanzo bila kukwambia. Unagundua siku unayohitaji picha.

Picha ndizo zilizonifanya nisikimbilie kubadilisha. Kabla ya kutoa diski kuu ya zamani tuliweka programu ya CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe hujiandikia. Ikaja rangi ya njano na neno la tahadhari: kuna sehemu za sahani zilizokwisha kuharibika na diski imezihamishia kwingine. Miaka ya umeme kukatika kichwa kikiwa kazini. Mle ndani kulikuwa na picha za kipaimara cha binti yetu, na za mwisho nilizompiga mama yangu Kibosho, amekaa chini ya mgomba anamenya ndizi za mtori na hataki kutazama kamera. Nilikuwa nimekaa juu ya diski inayokufa kwa muda nisioujua, na washauri wote wanne wakijadili kasi. Usiku ule sikulala mpaka nilipozinakili mahali pawili, kwenye flashi mbili, moja nikaipeleka kwa dada yangu. Faili 11 hazikusomeka. Za mama zote zilitoka.

Kuibadilisha kwenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa. Mashine hizi za ofisi zinafunguka kwa kuvuta kitasa, bila bisibisi. Tulichomoa waya ya umeme, tukagusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli, tukatoa diski kuu, SSD ikakaa palepale kwa waya zilezile. Nafasi ni kubwa kuliko SSD, kwa hiyo nilibandika kwa gundi ya pande mbili. Haina kinachozunguka ndani, haitikisiki, haina neno.

Kwa kuwa tulikuwa tumeshaifungua, tukaisafisha. Vumbi la kiangazi cha Moshi lilikuwa limejaza mapezi ya kipozeo mpaka limekuwa kama blanketi. Brashi ya rangi, na feni ukiishika kwa kidole isizunguke ovyo. Pesti kati ya prosesa na kipozeo ilikuwa imekauka kama ukoko. Tukaikwangua taratibu, tukapaka mpya ya 5,000. Joto la prosesa ikiwa kazini lilishuka kutoka 88 hadi 63.

Windows ikapigwa mara ya nne, safari hii kwenye SSD. Kubonyeza kitufe hadi kuandika: sekunde 27. Nilizima nikawasha mara tatu, kama mtoto na swichi ya taa.

Kuhusu Windows yenyewe kuna jambo moja la kusema haraka. Masasisho ya usalama ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa kama yangu: inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kijana wetu anajua njia ya kuipitisha kwa mlango wa nyuma. Nimemkatalia, kwa sababu mashine ina hesabu za fedha za watu. Nimejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja ambayo Microsoft imeitoa hadi Oktoba 2026, na kabla haijaisha nitahamia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nimeshaijaribu kwenye flashi na mitihani yangu inafunguka, ila fonti zinahamahama kidogo. Nina muda wa kuzizoea.

Sasa gemu.

Baba watoto aliendesha malori miaka 26. Tunduma, Kitonga, Segera, usiku wa mvua, Scania 124 aliyoipenda kuliko alivyowahi kuniambia ananipenda. Mgongo ulipomshinda akarudi nyumbani, na mwanamume aliyezoea kilomita 900 kwa safari akabaki na hatua 40 kutoka sebuleni hadi bandani. Mtoto wa dada ndiye aliyempakulia Euro Truck Simulator 2 kwa bando la usiku. Ni gemu ya mwaka 2012, umri sawa na mashine yetu: unaendesha lori Ulaya, unachukua mzigo mji huu unaupeleka mji ule, unalipishwa faini ukizidisha mwendo, unalala ukichoka. Mzee alicheka. Baada ya siku tatu akaacha kucheka, akaanza kulalamika kwamba barabara ya Ujerumani inampa shida kwa kuwa wanaendesha kulia. Kijana akamhamishia ofisi Uingereza, ambako wanashika kushoto kama sisi. Tangu hapo sebule ikawa yadi.

Ila ilikuwa inakwenda kwa kurukaruka, picha 16 kwa sekunde kila kitu kikiwa chini kabisa. Safari hii nikafungua Task Manager bila kuambiwa: prosesa asilimia 45, diski 3, RAM nusu, na michoro 100. Intel HD 2500 iliyomo ndani ya prosesa ilikuwa imeinua mikono. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kuhusu kadi. Alikosea foleni tu. Nilimwambia hivyo, na akaivaa ile "sahihi" wiki nzima.

Alitaka tununue kadi ya rafiki yake, GTX 970. Nikachukua rula ya darasani. Kadi ile ni ndefu na ina urefu wa kusimama ambao kasha letu jembamba halina. Inakula wati 145 na inataka plagi zake mbili za umeme, wakati powasaplai yetu nzima ni wati 240 na plagi hizo haina. Tukashuka hadi GT 1030 fupi, inayokula wati 30 tu na kuupata umeme wote kwenye nafasi ilipochomekwa.

GT 1030 nayo zipo mbili zenye jina moja. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine, iliyotoka baadaye, ina DDR4. Boksi linafanana, jina ni lilelile, lakini ya pili inapitisha data kwenye kumbukumbu yake karibu theluthi tu ya ya kwanza, gigabaiti 16.8 kwa sekunde dhidi ya 48, na kwenye gemu inaonekana wazi. Muuzaji wa kwanza niliyemuuliza "GDDR5 au DDR4?" alijibu, "Mama, ni ya gigabaiti 2." Nikamshukuru nikaondoka. Wa pili alinisomea maandishi ya boksi mwenyewe. Kwake nikalipa 150,000, imetumika.

Tukaichomeka, tukawasha. Giza.

Tukaitoa, picha ikarudi. Tukairudisha, giza. Tukaisugua kwa ufutio. Giza. Mtoto wa dada akasema tumeuziwa maiti, baba watoto akauliza kwa sauti ya chini kama basi gemu imeharibika, nami nikavaa kanga ya vita nikapanda bodaboda hadi mjini, kadi kwenye mkoba. Yule muuzaji hakuipokea hata kuitazama. Aliniuliza: "Waya ya skrini mmechomeka wapi?"

Tulikuwa tumeiacha palepale ilipokuwa siku zote, kwenye tundu la VGA la madabodi. Kadi ikiwepo, mashine yetu inazima tundu hilo na kupitisha picha kwenye kadi. Kadi ilikuwa inafanya kazi muda wote, inarusha picha kwenye matundu ambayo hakuna aliyechomeka kitu.

Na matundu hayo ni HDMI na DVI, wakati skrini yetu ya inchi 19 inajua VGA tu. Kijana akanunua adapta ya DVI kwenda VGA ya 5,000, ikakataa kuingia. Alikuwa ameshaleta koleo nilipomzuia. DVI ya kadi hii ni ya dijitali pekee, haina yale matundu manne madogo yanayozunguka tundu bapa, maana haitoi kabisa mawimbi ya VGA. Kinachotakiwa ni kibadilishaji cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. 15,000. Ile ya 5,000 ipo kwenye droo, imekaa na RAM ya gigabaiti 2 isiyojulikana ilitoka wapi.

Picha ikaja. Gemu ikaenda picha 50 kwa sekunde na vioo vya lori vikaonyesha barabara ya nyuma vizuri, jambo ambalo mzee alilipa uzito kuliko yote.

Hesabu ilikuwa 300,000 kamili, ikiwemo ile adapta isiyofaa. Laki iliyobaki nikaiongezea 30,000 za maziwa, nikanunua UPS, kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, ya VA 650. Nikikumbuka ile rangi ya njano ya diski, hiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kununuliwa miaka yote ile, wala si ya mwisho. Inatupa kama dakika 12 za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani.

Jumamosi iliyopita, saa 2 usiku, umeme ukakatika. UPS ikaanza kupiga mlio wake. Nikamwita baba watoto azime haraka kabla betri haijaisha. Alikuwa ametoka Felixstowe na kontena, amefika Manchester, tela limekaa upande, anarudi nyuma kuingia kwenye nafasi ya kushushia.

"Baba watoto, zima hiyo mashine."

"Ngoja nipaki kwanza," akasema.

Rau yote giza, sebule ina mwanga wa skrini tu, UPS inalia, na yeye ameinama mbele akiangalia saiti mira ya kushoto.